Kuchora katuni nzima ndani ya masaa 24, niliyotoka nayo

Watu wakisikia umechora katuni ya peji 24 ndani ya masaa 24 swali la kwanza huwa "aisee unachoraje haraka hivyo?" na jibu langu kila siku ni lilelile, sikuchora haraka. Mkono wangu ulienda spidi yake ya siku zote. Kilichopungua ni idadi ya vitu nilivyokubali kuvichora. Naiandika hii leo kwa sababu naona wachoraji wengi wadogo, wenye vipaji kabisa, wanaiogopa hii chalenji wakidhani ni ya watu wenye mikono myepesi, na mwaka unapita, na mwingine, na ile stori kubwa wanayoipanga toka wapo kidato cha pili bado ipo kichwani haijapata hata peji moja.

Kwa ambao hamuijui, ilianzia Marekani mwaka 1990. Wachoraji wa katuni Scott McCloud na rafiki yake Steve Bissette wote walikuwa wanajulikana kwa kazi zao kuchelewa kutoka, ndio McCloud akamtupia mwenzake changamoto, kila mmoja achore katuni kamili ya peji 24 ndani ya siku moja, na wakafanya kweli, McCloud ya kwake akaimaliza mwisho wa Agosti mwaka huohuo. Sheria ni chache ila kali. Mtu mmoja unafanya kila kitu, stori, michoro, maandishi, mpaka rangi kama unataka rangi. Huruhusiwi kuja na mchoro wowote wala stori uliyoipanga kabla, ila karatasi, kalamu na picha za kuangalizia unaweza kukusanya mapema. Masaa ni ya mfululizo, ukilala saa inaendelea kuhesabu. Na ukifika saa ya 24 hujamaliza una njia mbili, uifunge stori palepale ulipofika kama alivyofanya mwandishi Neil Gaiman, au uendelee mpaka peji ya 24 itimie kama alivyofanya Kevin Eastman, mmoja wa wale wawili waliobuni Ninja Turtles. Njia zote mbili McCloud anaziita kushindwa kwa heshima, na mimi napenda sana kwamba mtu aliyetunga sheria kali namna hiyo alimwachia aliyeshindwa mahali pa kusimama. Mwaka 2004 mwandishi wa katuni Nat Gertler akaanzisha siku maalum ya watu wa sehemu mbalimbali kufanya kwa pamoja, na kule Angoulême Ufaransa, mji unaoishi kwa katuni, mchoraji Lewis Trondheim akaanzisha ya kwao mwaka 2007, kule saa inapoanza tu washiriki wanapewa sharti la kushtukiza ambalo lazima liingie kwenye stori, kwa hiyo hata ukija na kitu kichwani kinavurugwa.

Mimi nilifanyia nyumbani, Mbagala, kwenye meza ya kulia chakula, nikaanza Jumamosi saa mbili asubuhi.

Hesabu kwanza, maana hesabu ndio inayokuambia ukweli kabla penseli haijagusa karatasi. Masaa 24 kwa peji 24 inasikika kama saa moja kila peji na ukiishia hapo umekwisha. Toa masaa mawili ya kuwaza stori na kupanga peji. Toa manne ya kulala, na mtu asikudanganye kwamba atakesha moja kwa moja, ikifika saa tisa usiku mistari yake inaanza kupinda yenyewe. Toa saa moja na nusu ya kula, kuoga, kunyoosha mgongo. Unabakiwa na masaa 16 na nusu, yaani dakika 990, gawanya kwa 24 unapata kama dakika 41 kila peji. Sasa kama peji ina fremu nne, yaani visanduku vinne vya michoro, kila fremu ina dakika kumi. Dakika kumi ya penseli, maandishi na wino, vyote. Ukishaiona hiyo namba imekaa mbele yako huwezi tena kuwaza stori ya vita ya majeshi mawili yenye farasi, wala stori ya ndani ya daladala ya asubuhi ambapo kila fremu ina watu kumi na tano wamebanana.

Ndio maana naona somo kubwa liko kwenye kuchagua stori. Siku za kawaida tunaanza na stori nzuri kisha tunahangaika kuichora, hapa unaanza na dakika zako kisha unatafuta stori inayoweza kuishi ndani yake na bado ikawa na uzito. Nilikaa na chai nikaandika vitu ninavyoweza kuvichora bila kuangalia popote: mzee, mtoto, kiti cha plastiki, mlango wa bati, tochi. Halafu nikajiuliza hivi vitu vinakutana wapi, jibu likaja lenyewe, mlinzi wa usiku nje ya duka la vifaa vya ujenzi, umeme umekatika mtaa mzima, na binti wa shule anakuja na daftari lake, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu unatafuta nini usiku huu, anaomba akae karibu na tochi ya mzee asome kwa sababu kesho ana mtihani. Betri inakaribia kuisha. Basi, stori nzima ni hiyo, watu wawili na mwanga unaopungua.

Angalieni usiku na umeme kukatika vilivyonifanyia. Kila kitu nje ya duara la tochi ni cheusi. Mtaa sihitaji kuuchora, nguzo sihitaji, maduka ya jirani sihitaji, nachora nyuso mbili, mikono, daftari, na kipande cha ukuta. Msomaji mwenyewe anaujaza mtaa kwa sababu anaujua, ameshakaa gizani kwenye mtaa kama ule. Na kadiri betri inavyoisha duara linazidi kuwa dogo, maana yake kadiri mimi ninavyochoka na kazi ya kuchora inapungua, peji tatu za mwisho karibu zote ni weusi na maputo ya maneno tu, mzee anamuuliza binti maswali ya kwenye daftari gizani na binti anajibu kwa kichwa. Waliosoma wengi wanaziongelea peji hizohizo. Zimetoka kwenye bajeti ya dakika na pia zimetoka kwenye stori, na mpaka leo siwezi kukuambia kipi kilitangulia, vilikuja pamoja.

Halafu maandishi. Hili naomba tulielewane vizuri maana kwenye mafunzo mengi ya mtandaoni hulikuti, yameandikwa na watu wasiochora kwa Kiswahili. Kwenye Kiswahili ANDIKA MANENO KWANZA, kabla hujachora hata kichwa cha mtu. Maneno yetu ni marefu. "Hawakutuambia" ni neno moja, "anayenisubiri" ni neno moja, "tulipokutana" ni neno moja, na kila moja linakula mstari mzima wa puto. Ukichora watu kwanza halafu ukaja kubandika puto kwenye kona iliyobaki utakata neno katikati kwa kistari, msomaji anajikwaa, utani unakufa, au puto linamfunika mtu uso. Mimi naandika maneno kwanza kwa penseli, nachora puto kuyazunguka, nafasi inayobaki ndio ya watu. Na kwa sababu hiyohiyo fremu zangu ni pana na fupi, safu mbili fremu mbili mbili, au fremu moja inayokwenda upana mzima wa peji kukiwa na maongezi mengi. Kitu kingine, herufi kubwa tupu zilizozoeleka kwenye katuni za Kimarekani mimi nimeziacha kabisa, neno la herufi kumi na tatu likiwa lote kwa herufi kubwa linakuwa ukuta, jicho halipati pa kushika, lakini kwa herufi ndogo zile k na l na b zinazopanda juu na y na g zinazoshuka chini zinalipatia neno umbo na mtu anasoma haraka zaidi. Mtu anaweza kunibishia kwenye hili, ila achukue sentensi moja aiandike namna zote mbili ndani ya puto aone.

Na kukata maneno ni kazi ya mikono pia. Kila neno unalolitoa unapata nafasi ya uso. Watu wa kweli hawaongei kwa sentensi kamili, mzee hasemi "je, umekwisha kula chakula cha jioni?", mzee anasema "umekula?" Nilikuwa naandika mstari, nausoma kwa sauti kama mzee wa mtaani kwetu angeusema, naukata nusu.

Wahusika uwachague kwa kivuli. Jaribio langu ni kuwachora wakiwa weusi watupu kama kivuli ukutani, je unamjua nani ni nani? Mlinzi ana kofia ya sufu na koti kubwa linalomfanya awe pembetatu, binti ana kichwa cha duara na mikanda miwili ya begi. Ukishapata hivyo unaweza kuwachora wadogo kama punje kwenye fremu ya mbali na bado msomaji hapotei. Nguo zenye mistari, kitenge chenye maua, nywele zilizosukwa mstari kwa mstari, vyote vizuri ila kila kimoja unakilipia mara tisini na kitu, kwa hiyo achana navyo kwenye kazi kama hii, viweke kwa ajili ya kazi ya polepole ambako vitapata heshima yake. Muda uliookoa kwenye nguo upeleke kwenye nyusi na mikono. Nyusi mbili na mdomo vinabeba karibu hisia zote, na mkono ulioshika tochi ukikaa vibaya fremu nzima inakuwa ya uongo hata kama kila kingine kipo sawa.

Sasa mpangilio wa kazi wenyewe. Kuna wanaomaliza peji moja kabisa ndio wanagusa ya pili, faida yake muda wote unajua uko wapi. Mimi nafanya kwa mafungu ya peji nne, penseli nne, maandishi nne, wino nne, kwa sababu mkono ukishazoea kifaa kimoja unaenda bila kubabaika, na pia kwa sababu ya wino wenyewe, ukijaza weusi kwa brashi karatasi inalowa, inajikunja, inahitaji kukaa, ukiwa na peji moja tu unakaa unaiangalia ikikauka. Ukiwa na nne ya kwanza inakauka huku unajaza ya tatu. Karatasi yenyewe nilikata A4 nusu, nachora kwenye A5, mchoro mdogo unakunyima nafasi ya kuweka vitu visivyo na kazi. Mistari ya fremu nilikata kiolezo kwenye boksi la biskuti, nakiweka juu ya karatasi nafuata kingo zake kwa penseli, dakika moja peji imeshagawanyika, hamna mambo ya rula.

Ila kwenye kupanga kuna kitu kimoja nakiamini kuliko vyote nilivyotaja. Peji ya mwisho ichore ukiwa bado mzima. Usiiache mpaka ifike zamu yake alfajiri, ichore mchana, ukishajua stori inakwenda wapi, weka wino kabisa, iweke pembeni. Peji ya mwisho ndio msomaji anayoondoka nayo, na wewe ukienda kwa foleni utaifikia ukiwa na macho mekundu na akili imelala, utaandika mwisho wowote ili ukalale. Na ikishakuwepo pale mezani inakusaidia pia katikati, stori inapotaka kutanuka, mzee anataka kuanza kusimulia ujana wake, unaiangalia ile peji unajua bado una hatua ngapi kufika pale, unamkatisha mzee.

Usiku wenyewe sitauongelea sana, kila aliyewahi kukesha na kazi anaujua. Maji mengi, chakula chepesi, ubwabwa mzito saa nne usiku utakulaza. Taa ya chaji iwe karibu kwa sababu umeme wa kweli nao una mambo yake. Kulala saa sita hadi saa kumi kulinifaa, nimeamka peji nilizozichukia usiku zinaonekana za kawaida kabisa.

Nikiwa kwenye zile peji za mwisho nilikuwa nawafikiria sana watu ambao kwao huu muda mfupi ndio maisha. Kwenye magazeti ya katuni ya kila wiki Japani, kama Weekly Shonen Jump, sura moja ya stori huwa kama peji 19 na wiki inayofuata sura nyingine, na inawezekana kwa sababu mchoraji ana wasaidizi wa kuchora majengo, kujaza weusi, kupiga mistari ya mwendo. Yaani kule wameshakubaliana kwamba kuna vitu lazima mwenye stori avichore mwenyewe na kuna vitu si lazima. Na hapa kwetu, Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kwenye magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi, mhusika yuleyule, na mchoraji Gado, mtoto wa Dar, aliingia gazeti la Nation kule Nairobi mwaka 1992 akachora hapo zaidi ya miaka ishirini, na gazeti halisubiri mtu. Mtu anayetoa kazi kwa ratiba ya gazeti hana nafasi ya kungoja mzuka umshukie, anakaa anaamua. Zamani niliwaheshimu kwa mistari yao, sasa nawaheshimu kwa kuamua kwao.

Lakini niseme na upande wa pili kwa uzito uleule. Hii chalenji haikufundishi kuchora. Unaingia na mkono ulionao na unatoka nao, kama hujui mikono ya watu inavyokunjika utatoka hujui, kama majengo yako hayakai sawa yatatoka hayakai sawa. Inakuonyesha wazi kabisa wapi pamelegea, halafu wiki zinazofuata ndio unakaa polepole na daftari unafanya mazoezi ya kile kilichokukwamisha. Mimi toka siku ile nachora mikono iliyoshika vitu, kikombe, ufunguo, simu, mwiko, bila saa yoyote mbele yangu, na ndiko kujifunza kwenyewe kuliko. Mtu anayefanya chalenji moja baada ya nyingine bila hizo wiki za katikati anakuwa mwepesi wa kurudia yaleyale.

Na kwenye hela muwe macho. Kuna ofisi moja ilipoziona zile peji wakanipigia, wakafurahi sana, halafu kwenye bei wakaanza, si unaweza kuchora peji kwa dakika arobaini, basi tukulipe ya dakika arobaini. Hapana. Zile dakika arobaini zimelipiwa na miaka ya daftari, na zile ni peji ambazo mimi mwenyewe nilichagua nini kisiwepo. Kazi ya mteja ina nembo yake, ina jengo lake, ina bosi wake anayetaka afanane, ina kurekebishwa mara tatu, hamna hata kimoja cha kukiacha. Vijana mnaoanza, hii kazi yenu ya masaa 24 ionyesheni kwa fahari ila kwenye bei msiitaje kabisa, ongeleeni idadi ya peji, marekebisho na haki za matumizi.

Kwa wenye watoto, wenye zamu, wenye wiki isiyo na Jumamosi ya bure, masaa 24 hamna na hiyo isikuzuie. Fanya kitabu cha A4 moja. Ikunje nusu, nusu tena, nusu tena, ukifungua una vyumba nane. Kata kwa mkasi ule mkunjo wa katikati unaokwenda kwa urefu wa karatasi, lakini kati ya vyumba vinne vya kati tu, usifike kwenye kingo, kisha ikunje kwa urefu, shika ncha mbili sukuma zikutane, tayari una kitabu cha peji nane pamoja na jalada, na kwa sababu michoro yote iko upande mmoja wa karatasi, stationari yoyote wanakutolea kopi kwa hela ndogo. Toa jalada mbele na nyuma unabakiwa na peji sita, fremu moja au mbili kila peji, masaa manne yanatosha kabisa kuanzia kuwaza mpaka wino. Ila kabla hujafungua karatasi uanze kuchora, andika namba za peji kwa penseli ikiwa bado imekunjwa, kwa sababu ukishaifungua nusu ya vyumba vinakuwa vimepinduka kichwa chini, na ujue kila chumba juu yake iko wapi.